Filta ya oili inavuja, imekwama, au taa haizimi: tafuta chanzo kabla ya kukaza

Wengi tunaomwaga oili wenyewe nyumbani tuna ugonjwa mmoja: tukiona tone chini ya gari tunakimbilia spana. Tunaongeza robo mzunguko, tunafuta, tunaondoka. Kesho yake tone liko palepale, na filta imeshabanwa kiasi kwamba sevisi ijayo itatolewa kwa tindo. Nimeyafanya hayo, na nimewaona majirani wakiyafanya. Mwongozo huu ni wa mtu aliyelala chini ya gari lake sasa hivi, mikono imejaa oili, hajui aanzie wapi.

Jambo nililojifunza kwa gharama ni hili: karibu kila shida ya filta ya kuzungusha, ile ya kopo la bati, inaanzia sehemu moja yenye upana wa kiganja, pale mpira wa filta unapokutana na uso wa bloku ya injini. Uso ukiwa safi, mpira ukiwa mmoja tu na umepakwa oili, na thredi zikiwa zimeingia kwa vidole bila kulazimishwa, filta haidai nguvu nyingi. Kimoja kikikosekana, hata ukaze kwa bomba la mita mbili hutapata nafuu.

Mfano wangu ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, kwa sababu ndiyo niliyonayo, na injini hiyo utaikuta pia kwenye Probox, Raum, Spacio na Fielder za 1.5. Inachukua oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, lita 3.4 usipoibadilisha. Bolti ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, inafunguliwa kwa spana ya 14. Gari lako likiwa jingine, vipimo utavipata kwenye kitabu chake, lakini njia ya kutafuta tatizo haibadiliki.

Kabla ya yote: usiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake, na usiliegemeze kwenye tofali za saruji. Tofali la saruji halipindi kwanza ili likupe nafasi ya kutoka, linapasuka ghafla. Tumia stendi za chuma, weka mawe au vipande vya mbao nyuma ya matairi yaliyobaki chini, vuta breki ya mkono, halafu litikise gari kwa mkono kabla hujaingiza kichwa. Kama huna stendi, azima. Kama hupati wa kukuazima, ahirisha.

Filta haifunguki

Sababu mbili ndizo za kawaida. Aliyeifunga aliikaza kwa spana badala ya mkono, au aliifunga na mpira mkavu. Mpira mkavu unapozungushwa haukai vizuri, unajikunja na kushika uso wa bloku, na joto la miezi kadhaa linaugandisha hapo.

Anza na joto. Washa injini dakika tano hivi, zima, subiri ipoe kidogo mpaka uweze kuishika filta bila kuungua. Oili ya uvuguvugu inatoka upesi na mpira unalainika. Kwenye Subaru za zamani zenye injini za EJ subiri zaidi, maana filta imekaa katikati ya mabomba ya eksozi na mkono unapita karibu nayo.

Kama inateleza mkononi, futa kopo kwa tambara lenye sabuni ya unga mpaka likauke kabisa, kisha lizungushie kipande cha msasa, upande wa kukwaruza ukiangalia kopo. Shika, zungusha kinyume cha saa. Hakikisha kweli ni kinyume cha saa ukiitazama filta kutoka upande wa kitako chake. Mtu akiwa amelala chali, filta ikiwa imeelekea upande, ni rahisi sana kukaza huku anadhani anafungua. Nimeshuhudia filta ikipondwa kwa namna hiyo.

Mkono ukishindwa, kuna vifaa vitatu. Kikombe cha kufungulia kinachovaa kitako cha filta ndicho bora kama kinaenea. Filta nyingi ndogo za Toyota zinachukua kikombe cha mm 64 hadi 65 chenye pande 14. Spana ya mkanda inafuata. Spana ya cheni ina nguvu kuliko zote lakini inaponda kopo, kwa hiyo iwe ya filta inayotupwa tu, kamwe isiguse mpya. Ukitumia mkanda au cheni, ivalishe karibu na mzizi wa filta, upande wa bloku, kwa kuwa pale kopo limeungana na sahani nene. Ukiivalisha kwenye kitako, kopo linajisokota na mzizi hausogei.

Ile mbinu ya kutoboa filta kwa bisibisi na kuitumia kama mpini mimi naiweka mwisho kabisa. Mara nyingi bisibisi inachana kopo kama karatasi, oili inakumwagikia usoni, na filta imebaki palepale. Ukilazimika, toboa karibu na mzizi, pitisha bisibisi upande hadi upande, na angalia usiguse stadi ya katikati, ule msumari wa thredi unaoshika filta.

Kopo limechanika, sahani imebaki

Hapa usiogope. Ng'oa mabaki ya kopo na karatasi kwa koleo mpaka uone sahani nene yenye matundu ya kuingilia oili kuzunguka stadi. Weka ncha ya tindo kwenye ukingo wa tundu mojawapo, kwa mshazari, ukielekeza kinyume cha saa, na ugonge kwa nyundo ndogo. Gonga mara nyingi kidogo kidogo, usigonge mara moja kwa hasira. Ikisogea nusu sentimita, imekubali. Tindo isiguse uso wa bloku hata mara moja. Mkwaruzo mmoja pale ni njia ya oili kuvujia miaka yote itakayofuata.

Filta imetoka na stadi yake

Unafungua filta na kumbe ile stadi yenye thredi iliyotakiwa kubaki kwenye bloku imekuja nayo. Usifunge filta mpya kwa kuirudisha pamoja na stadi kama zilivyo. Itoe kwenye filta ya zamani, isafishe, irudishe kwenye bloku peke yake na uikaze ifike mwisho. Baadhi zina tundu la pembe sita ndani, zinakazwa kwa ufunguo wa alen. Kama haina tundu hilo, funga nati mbili zikibanana juu ya thredi na ukaze kwa kutumia ile ya nje. Tone dogo la gundi ya thredi upande wa bloku linasaidia isitoke tena. Pima urefu unaojitokeza: ikiwa imebaki nje sana, filta itagota kwenye stadi kabla mpira haujabana, na utaletewa uvujaji usioeleweka.

Umewasha, oili inamwagika kama bomba limepasuka

Zima. Zima kabla hujashuka kuangalia.

Hili lilinipata mwaka wa kwanza nilipoanza kujihudumia. Gereji iliyofanya sevisi ya mwisho ilifunga filta na mpira mkavu, nami nikaifungua kwa shida, nikaona imetoka, nikafurahi. Sikuangalia kama mpira wake umetoka nayo. Ulikuwa umebaki kwenye bloku, mweusi juu ya chuma cheusi chenye oili nyeusi, hauonekani. Nikafunga filta mpya juu yake. Mpira juu ya mpira haukai, unateleza ukisukumwa na presha. Kutoka niwashe mpaka nizunguke mbele ya bampa, zaidi ya nusu ya oili mpya ilikuwa kwenye saruji ya uwanja. Kama ningekuwa barabarani, na si nyumbani huku nasikiliza, injini ingenoki kabla sijaelewa kitu.

Tangu siku ile, filta ikitoka, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuigeuza na kutazama mdomo wake. Mpira upo? Vizuri. Haupo? Basi uko juu, naufuata kwa kidole na tochi, naubandua kwa ukucha au kijiti cha mbao. Hata ukiwepo, pitisha kidole kuzunguka uso wote wa bloku. Kidole kinaona kuliko jicho pale chini.

Kama ulimwaga hivi: fungua filta mpya, ondoa mpira wa zamani, futa, kagua mpira mpya. Ukiwa umekatika au umejipinda, usiutumie tena hata kama filta ni ya dakika tano. Jaza oili upya kwa kufuata kijiti cha kupimia oili, usikisie kilichomwagika.

Sababu ya pili ya mafuriko ya namna hii ni thredi zisizolingana, na hii inahitaji maelezo marefu kidogo.

Filta mpya inacheza, au inaingia kwa kubana

Filta mbili zinaweza kufanana kopo, rangi na upana wa mpira, na bado thredi zikatofautiana. Toyota ndogo za petroli zinatumia thredi ya inchi 3/4 yenye meno 16 kwa inchi. Honda wengi, Subaru na baadhi ya Nissan wanatumia thredi ya mm 20 yenye hatua ya mm 1.5. Inchi 3/4 ni mm 19.05. Tofauti haifiki milimita moja, ndiyo maana inadanganya.

Ukivalisha filta ya mm 20 kwenye stadi ya Toyota, inaingia kirahisi mno. Inacheza, inayumba kushoto na kulia, kisha mpira unapogusa bloku unahisi imebana. Kilichoshika hapo ni ncha za meno tu. Injini ikiwaka baridi, wakati presha ya oili iko juu zaidi, ncha zile zinaweza kuachia na filta ikaruka. Kinyume chake, filta ya Toyota kwenye stadi ya mm 20 inabana baada ya mzunguko mmoja hivi. Mwenye nguvu anamalizia kwa spana na kuharibu stadi.

Kipimo changu ni cha vidole. Kabla ya kupaka kitu chochote, filta mpya iingie kwa ncha za vidole viwili, laini, mizunguko mitatu au minne, bila kuyumba wala kusaga. Ikiyumba, rudisha dukani. Ikibana mapema, irudishe nyuma kwa kinyume cha saa mpaka uhisi meno yameangukiana, ndipo uzungushe mbele. Huenda uliingiza mshazari tu. Ikibana tena mahali palepale, siyo yake.

Ndiyo maana naenda dukani na filta ya zamani ndani ya mfuko, hata pale mtaa wa Gerezani, Dar, ambapo muuzaji ataniambia "hii ndiyo ya IST, kila mtu anachukua hii." Namheshimu, lakini nazilinganisha: kipenyo cha mpira, thredi, urefu. Halafu natazama ndani kupitia vitundu vya kuzunguka. Lazima uone utando laini wa mpira unaofunika vitundu kwa ndani. Ukisukumwa kwa kijiti cha kiberiti unarudi wenyewe. Huo ni vali ya kuzuia oili isirudi kwenye sampo. Filta bandia niliyowahi kuichana ilikuwa na utando mgumu kama plastiki, na karatasi yenye mikunjo michache iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja tu. Bei yake ilikuwa nusu ya halali.

Inadondosha tone moja moja

Hapa ndipo watu wanapokosea utambuzi. Kabla hujailaumu filta, jiulize kama hiyo ni oili mpya kweli. Wakati wa kufungua, oili inatiririka kwenye bloku, kwenye ngao ya chini, kwenye msalaba wa chasisi, na inaendelea kudondoka siku mbili tatu. Safisha eneo lote kwa petroli kidogo au dawa ya kusafishia breki ukiwa na injini baridi, acha likauke, kisha nyunyiza poda ya kawaida, ile ya mtoto, kuzunguka mzizi wa filta, bolti ya sampo, na sehemu za juu yake. Washa dakika kumi, zima, angalia. Oili itachora njia yake kwenye poda, na mwanzo wa njia hiyo ndio tatizo.

Njia ikianzia kwenye bolti ya sampo, tatizo ni washa, ile pete bapa inayovaa bolti. Inabonyea mara moja inapokazwa na inatakiwa kubadilishwa kila unapomwaga oili. Wengi hawaibadilishi, wanakaza bolti zaidi, na siku moja thredi za sampo zinakuja na bolti. Kwa 1NZ bolti hiyo inakazwa Nm 37 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza).

Njia ikianzia juu ya filta, tazama swichi ya presha ya oili, halafu panda mpaka gasketi ya kifuniko cha vali. Oili hufuata mteremko, na filta ikiwa chini inapokea kila lawama ya walioko juu yake.

Ikianzia kweli kwenye mpira wa filta, usikaze. Ifungue. Tafuta mchanga, uzi wa tambara, kipande cha mpira wa zamani, mkwaruzo. Mara mbili nimekuta uzi mmoja wa tambara la pamba umelala chini ya mpira, mwembamba kama unywele, na ulitosha. Tangu hapo nafuta uso wa bloku kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kisha funga hivi. Paka oili safi kwenye mpira kwa kidole, mzunguko mzima, iwe filamu nyembamba tu. Usitumie grisi. Zungusha kwa mkono mpaka uhisi mpira umegusa bloku. Weka alama kwa kalamu kwenye kopo. Filta nyingine zimechapwa namba 1 hadi 4 kuzunguka kopo kwa kazi hiyo. Kutoka hapo ongeza robo tatu za mzunguko, yaani namba tatu. Kwa 1NZ hiyo ni sawa na Nm 17.5, nguvu ambayo mkono mkavu unaiweza. Mkono ukiteleza, tumia kikombe kwa taratibu ili ufikie alama, usiivuke.

Taa nyekundu ya oili haizimi baada ya kuwasha

Filta ya IST inameza karibu theluthi ya lita. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha, pampu inaijaza kwanza ndipo presha ifike kwenye swichi, kwa hiyo taa kubaki sekunde tatu au nne ni kawaida. Usikanyage mafuta. Ikifika sekunde kumi, zima.

Anza na kijiti. Samahani kwa kulisema, lakini wapo waliomwaga oili, wakafunga kila kitu vizuri, wakapigiwa simu, wakarudi wakawasha bila kujaza. Ninaweka dumu la oili mpya juu ya kiti cha dereva mpaka nimalize ili nisiweze kukaa bila kulishika.

Kijiti kikiwa sawa, chungulia chini kama kuna mafuriko. Kama pakavu, huenda pampu imeshika hewa. Ondoa fyuzi ya EFI ili injini isiwake, piga starta sekunde tano hadi kumi, pumzisha, rudia mara mbili tatu. Taa ikizima wakati wa starta, rudisha fyuzi, washa, sikiliza. Kama filta ya gari lako imesimama mdomo juu, ungeweza kuepuka haya kwa kuijaza oili kabla ya kuifunga, ukimimina polepole karatasi inywe. Filta iliyolala au iliyoinama jaza robo tu, au acha.

Ikiwa bado taa inawaka na injini inatoa mlio wa kugonga, usiendelee kujaribu. Fundi aje na geji afungue swichi ya presha na kupima presha yenyewe. Swichi mbovu ni ya bei ndogo, lakini kuwasha injini kavu mara ya tano kutakugharimu metali za krenki, yaani beringi zinazobeba shafti kuu ya injini.

Mlio wa "kakaka" asubuhi, sekunde mbili, kisha kimya

Kama mlio huu ulianza siku ulipobadilisha filta, shuku ule utando wa kuzuia oili isirudi. Usiku kucha oili inashuka kwenye sampo, asubuhi juu hakuna kitu. Injini ya 1NZ inaendesha kamshafti kwa cheni, na kikaza cheni chake kinategemea presha ya oili, kwa hiyo cheni ndiyo unayoisikia. Badilisha filta kwa yenye utando wa silikoni, ambao haukakamai mapema kwa joto. Lakini kama mlio ulikuwepo hata kabla, mara nyingi filta haihusiki. Huenda cheni yenyewe au kikaza kimechoka, na kubadilisha filta tatu mfululizo kutakupotezea hela.

Pia angalia oili uliyonunua. Aliyekuwa anaweka 5W-30 akahamia 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa ushauri wa kijiweni kwamba "nchi yetu ni ya joto" atasikia tofauti asubuhi, hasa akiwa Njombe au Arusha mwezi wa saba.

Filta ya karatasi ndani ya kifuniko cha plastiki

Baadhi ya injini za Toyota za 2ZR, ile ya Prius ikiwemo, hazina kopo la kuzungusha. Zina kifuniko kinachobaki kwenye gari na karatasi tu ndiyo inayobadilishwa. Matatizo yake ni ya aina nyingine.

Likivuja, kwanza tazama oringi. Pakiti ya filta inakuja na mbili, kubwa ya kifuniko na ndogo ya bolti ya kumwagia iliyo chini yake. Wengi wanabadilisha kubwa na kutupa ndogo pamoja na pakiti. Kubwa nayo ina mfereji wake. Kifuniko kina mikato zaidi ya mmoja na ukiivalisha pasipo pake itabanwa, itakatika, itavuja. Itoe ya zamani kwa kijiti cha mbao au plastiki, si kwa bisibisi ya chuma, na uangalie ya zamani ilikuwa imekaa wapi kabla hujaitoa.

Likipasuka, uliweka nguvu ya chuma kwenye plastiki. Kipimo kimeandikwa juu ya kifuniko chenyewe: Nm 25. Ile bolti ndogo inachukua nusu yake. Hapa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, si anasa, na kama huna, kifuniko kigote mwisho kwa mkono kisha ongeza kidogo tu kwa kikombe.

Kijiti kinaonyesha oili imezidi

Oili ya injini za petroli inauzwa sana kwa dumu la lita 4, na IST inataka 3.7. Anayemimina dumu zima amezidisha mililita 300. Kidogo hicho peke yake si janga, lakini kikikutana na oili ya zamani ambayo haikushuka yote, kiwango kinapanda na krenki inaanza kuipiga mpaka itoe povu. Oili yenye povu haibebi presha. Mimina lita tatu na nusu, washa dakika mbili, zima, subiri dakika tano, pima, ndipo uongeze. Ukipima kabla ya kuwasha, filta bado tupu, kijiti kitakudanganya kwamba imejaa.

Ikiwa kijiti kinaonyesha kiwango kikubwa kupita kiasi, karibu mara mbili, na gari halitaki kuondoka likiwekwa kwenye D, simama hapo. Inawezekana ulifungua bolti ya giaboksi, ukamwaga oili ya giaboksi, na ukajaza ya injini juu ya ile ya zamani. Kosa hili hutokea zaidi kwenye Subaru, maana bolti hizo mbili ziko jirani. Tazama kilichomo kwenye beseni: ya giaboksi mara nyingi ni nyekundu au ya rangi nyepesi, ya injini iliyotumika ni nyeusi. Usiendeshe wala kuliburuza gari mpaka giaboksi ijazwe oili yake sahihi.

Moshi na harufu ya kuungua baada ya sevisi

Mara nyingi ni oili iliyodondoka kwenye eksozi wakati wa kufungua filta au kumimina. Ikipungua ndani ya dakika kumi na tano na kijiti hakishuki, imekwisha. Isipopungua, rudi kwenye mbinu ya poda.

Kupunguza uchafu huo nilikuwa natumia mfuko wa rambo, naivalisha filta nikishailegeza nusu mzunguko, naimalizia ndani ya mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku hapa Tanzania Juni 2019, nakata chupa ya maji ya lita 6 kiubavu na kuikinga chini. Inafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu haipasuki wala haitelezi.

Filta ya zamani ina chembe zinazong'aa

Usiitupe filta uliyoitoa kabla ya kuichana. Itoboe kitako, igeuze juu ya beseni usiku mzima ichuruzike, kisha kata kopo karibu na mzizi kwa mkasi wa bati. Mashine ya kusagia chuma (grinda) usiitumie, maana italeta chembe zake na utasoma uongo. Kata ukanda wa karatasi, ukunjue juani.

Weusi mtupu ni kawaida. Chembe chache kama vumbi, zinazovutwa na sumaku, nyingi ni za chuma kinachosagana taratibu. Linganisha na sevisi iliyopita. Vipande vyembamba vya rangi ya fedha au shaba visivyovutwa na sumaku vinaelekeza kwenye metali za krenki, na hapo gari halitakiwi kwenda safari ya mkoani wiki hiyo. Vipande vyeusi laini vinavyopondeka kwa vidole ni masizi yaliyokauka: oili imekaa kupita muda wake. Na ukikuta vipande vya mpira au gundi ya silikoni, kuna mtu alifungua injini hiyo na kupaka gundi kwa wingi, na ziada inaelekea kwenye chujio la pampu.

Oili chafu na filta iliyochuruzika viweke kwenye dumu lenye kifuniko, uliandike kwa kalamu ili mtoto au mgeni asidhani ni kitu kingine. Usimwage mtaroni, mtaro wa Dar unaishia baharini au kwenye visima vya watu. Gereji nyingi kubwa zinakusanya oili chafu kwa wanunuzi wenye kibali, na zitapokea lita zako nne ukiomba. Mimi hupeleka dumu likijaa, baada ya sevisi tano.